Ajizi ni Nyumba ya Njaa: Je, Kila Njaa Yatoka Humo?

Wahenga walituachia neno hili: Ajizi nyumba ya njaa. Ni neno la kweli, na kila mtu aliyepata kushika jembe alijua. Mvua haimngoji mvivu, wala magugu hayalali kwa sababu mwenye shamba amelala. Lakini neno hili laweza kushikwa kwa njia mbili. Mtu akijiambia mwenyewe alfajiri, akaamka, akaenda shambani, limemfaa sana. Akimwambia jirani yake aliye na njaa, huenda amesema kweli, tena huenda amemsingizia. Maana mithali yasema ya kuwa uvivu huleta njaa. Haisemi ya kuwa kila mwenye njaa ni mvivu. Mvua huilowesha nguo, lakini si kila nguo mbichi imenyeshewa, nyingine imefuliwa.

Twaandika haya kwa sababu ya jambo lililotupata sisi wenyewe. Miaka kadhaa imepita tangu siku tulipoketi katika baraza la wazee wa usharika mmoja, likaletwa ombi la mkulima mmoja, baba wa watoto wanne. Aliomba asaidiwe kutoka sanduku la maskini, kwa kuwa chakula kimekwisha nyumbani mwake, na mavuno yangali mbali. Mzee mmoja akasimama, akasema, "Wazee wenzangu, mtu huyu alilima kama sisi, na shamba lake lilizaa kama yetu. Lakini mahindi yake aliyauza yangali mabichi, tena kwa magunia ya lumbesa, kwa bei isiyofika nusu ya ile tuliyopata sisi tuliongoja. Kumpa mtu wa namna hii ni kuteka maji kwa kapu." Tukacheka kidogo. Kisha tukaulizwa shauri letu, na mikono yetu sisi tunaoandika ilikuwa miongoni mwa mikono iliyoinuliwa kumkatalia. Mtu yule akaitwa, akaambiwa ajifunze kuweka akiba. Akasema, "Asanteni, wazee wangu," akatoka.

Hatukumwuliza kwa nini aliuza.

Tangu siku ile swali hili limetusumbua: je, umaskini ni kosa la maskini? Si swali la wenye vyuo tu. Kila mwalimu wa usharika na kila mzee wa kanisa hulijibu mara nyingi katika mwaka, hata asipojua kwamba amelijibu. Hulijibu agawapo msaada, akemeapo, aamuapo nani aketi mbele na nani asikilizwe mkutanoni. Basi yafaa tulitazame kwa utaratibu.

Kwanza tuulize: watu waliokwenda nyumba kwa nyumba kutafuta asili ya umaskini waliona nini? Katika mji wa York, nchi ya Uingereza, alikuwako mtu jina lake Seebohm Rowntree, mwana wa tajiri mwenye kiwanda cha kakao na chokoleti. Siku zile watu wengi wenye mali walisadiki kwamba maskini huwa maskini kwa ulevi na uzembe wake. Rowntree hakutaka kubahatisha. Mwaka wa 1899 zikaandikwa habari za jamaa 11,560 za watu wa kazi katika mji ule, jumla yao watu 46,754. Kisha akapiga hesabu ya fedha ziwezazo kuutunza mwili tu: chakula cha namna rahisi, kodi ya nyumba, nguo, na makaa ya moto. Katika hesabu hiyo hakutia tumbaku, wala nauli ya safari, wala senti ya kumpa mtoto, wala sadaka ya kanisa. Mwaka wa 1901 akaitoa habari yake katika kitabu. Katika kila watu 100 wa mji wote, zaidi ya 27 walikuwa katika umaskini. Akawatenga wale ambao mapato yao yote hayakutosha hata kwa mahitaji ya mwili peke yake, akatafuta sababu. Zaidi ya nusu yao sababu ilikuwa hii: baba alikuwa kazini kila siku, lakini mshahara wake ulikuwa mdogo mno. Wengine walikuwa na watoto wengi. Wengine baba wa nyumba amekufa. Wengine walikuwa wagonjwa au wazee. Basi nyumba hizo nyingi hazikuwa nyumba za ajizi. Baba alitoka kabla ya jua, akarudi jioni amechoka, na njaa ikamkuta mlangoni.

Rowntree aliona neno lingine tena. Mtu wa kazi hupita bonde la umaskini mara tatu katika maisha yake: akiwa mtoto, kwa kuwa wazazi wake wana wengi wa kulisha, akiisha kuoa na kuzaa, mpaka watoto wake waanze kupata, na akiwa mzee, nguvu zikimwisha. Katikati ya mabonde hayo ana miaka michache ya nafuu. Tukimtazama mtu katika miaka ya nafuu twasema ni hodari. Tukimtazama bondeni twasema ni mzembe. Naye ni mtu yule yule.

Pili, tuje karibu na kwetu. Wakulima wa mlima Kilimanjaro walipanda kahawa, na mwaka wa 1933 walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, kile kijulikanacho kwa jina la KNCU. Kahawa ilijenga nyumba, ikalipa karo, ikajaza na vikapu vya sadaka. Lakini bei yake haikukatwa mlimani. Kwa miaka mingi mataifa yalikuwa na mapatano ya kugawanya kiasi cha kahawa ya kuuzwa duniani, ili bei isianguke. Mwezi wa Julai mwaka wa 1989 mpango huo ukavunjika, na baada ya miezi michache bei katika soko la dunia ikashuka hata karibu nusu. Fikirini, ndugu. Mkulima alilala akaamka na jembe lile lile, mibuni ile ile, mikono ile ile. Lakini jasho lake likawa na thamani ya nusu tu. Ni ajizi gani iliyomwingia usiku ule? Watu ambao hakuwaona kamwe, katika miji ambayo hajaifika, hawakupatana, na mtoto wake akarudishwa nyumbani kwa kukosa karo.

Mtu mwingine aliyelitafakari neno hili ni Amartya Sen, mzaliwa wa Bengal. Mwaka wa 1943, naye ni mtoto wa miaka tisa, njaa kuu iliishika nchi ile, ikaua watu wapatao milioni tatu kwa hesabu aliyoifanya baadaye. Alipokuwa mtu mzima alichunguza sababu zake, akaandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1981 kwamba chakula chenyewe hakikupungua kiasi cha kuleta maafa yale. Mchele ulikuwako. Lakini bei yake ilipanda upesi wakati wa vita, na mishahara ya vibarua wa mashamba haikupanda pamoja nayo. Wavuvi na mafundi wadogo nao hawakuwa na cha kubadili kwa mchele. Walikufa si kwa sababu nchi haikuwa na chakula, bali kwa sababu wao hawakuwa na njia ya kukipata. Yaani mtu aweza kufa njaa karibu na ghala. Nasi tuliouona msimu wa njaa vijijini twajua kwamba duka huwa na unga hata mwezi ule ambao jirani hulala bila kula.

Tatu, labda mtu atasema, "Haya, bei zina nguvu, na mishahara ni midogo. Lakini mbona maskini hufanya mambo ya upumbavu? Mbona hukopa kwa riba mbaya? Mbona huuza mahindi mabichi?" Hili ndilo neno lililotushinda barazani, kwa hiyo tulijibu kwa uangalifu.

Katika jimbo la Tamil Nadu, nchi ya Uhindi, wako wakulima wa miwa ambao hupata fedha zao nyingi mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno. Kabla ya mavuno huwa na shida na madeni. Baada yake huwa na nafasi. Wataalamu waliwapima watu hao hao mara mbili, kabla ya mavuno na baada yake, kwa maswali madogo ya kupima akili na uangalifu, wakatoa habari yao mwaka wa 2013. Wakaona kwamba mkulima yule yule alijibu vibaya zaidi wakati wa shida kuliko wakati wa nafasi. Hakuwa amepata elimu mpya katikati, wala hakubadili tabia yake. Ila kabla ya mavuno moyo wake ulikuwa umejaa hesabu: deni la huyu, karo ya yule, chakula cha kesho. Akili ya mtu ni kama mzigo wa kichwani. Aliyekwisha kubeba debe mbili za maji hawezi kuinama kuokota shilingi. Basi yawezekana kwamba mara nyingi tumeyageuza mambo. Twasema mtu amekuwa maskini kwa kuwa hafikiri vema, kumbe hafikiri vema kwa kuwa umaskini umemkalia kichwani.

Tena umaskini wenyewe una gharama zake, ambazo mwenye nafasi hazilipi. Aliye na fedha hununua mafuta dumu zima na sukari mfuko mzima, kwa bei nafuu. Asiye na fedha hununua mafuta kwa kipimo kidogo na sukari kwa kijiko, na mwisho wa mwezi amelipa zaidi kwa kitu kile kile. Aliye na bati halali juu ya nyumba hulala. Wa nyasi hutumia kila mwaka siku zake za kazi kuziba. Aliye na akiba hungoja bei. Asiye nayo huuza siku anayotakiwa fedha. Basi maskini hulipa zaidi kwa kila anunuacho, na hupata kidogo kwa kila auzacho, kisha huambiwa hajui kuweka akiba.

Na kupita gharama ya fedha iko ile ya heshima. Wahenga walisema, Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba. Akisema mkutanoni hukatizwa. Akinyamaza husemwa hana shauri. Mtoto wake akishinda mtihani watu hushangaa. Siku ya mavuno, majina yasomwapo na sadaka zitajwapo, yeye hukaa karibu na mlango, na mwaka ufuatao haji. Nasi twaandika katika daftari kwamba imani yake imepoa, kumbe huenda imani ni ile ile, ila kanzu imechakaa.

Hata dharau ya elimu, ambayo maskini wengi wamesingiziwa, yafaa ipimwe kwa mambo yaliyotendeka. Serikali ya Tanzania ilipoondoa ada ya shule za msingi mwaka wa 2001, watoto walimiminika shuleni mwaka uliofuata, hata madarasa yakakosa nafasi. Kama wazazi wale wangalikuwa na dharau, kuondolewa kwa ada kusingaliwajaza watoto madarasani. Walikuwa na hamu siku zote. Kilichokosekana ni fedha.

Sasa twajua kwamba wako watakaotuambia, "Je, hakuna mlevi? Hakuna baba anayekunywa fedha za unga? Mwataka kuwatetea hao?" Wako, ndugu zetu, nasi hatutaki kuficha. Rowntree naye aliwahesabu peke yao wale ambao mapato yao yangaliwatosha kama sehemu yake isingalitumika kwa mambo mengine, na katika mambo hayo pombe ilikuwa ya kwanza. Lakini hakuacha kuuliza pale. Aliona kwamba mtu akaaye katika chumba kibovu, baada ya kazi ya kumchosha, pasipo tumaini la mwaka ulio bora kuliko huu, yu karibu na kilabu kuliko mtu mwenye nyumba njema. Kosa ni kosa, na mlevi na akemewe. Walakini tajiri naye hunywa, na watoto wake hawalali njaa kwa sababu hiyo. Dhambi moja, adhabu mbili. Basi hatuwezi kusema kwamba ni dhambi peke yake iliyomleta maskini pale alipo.

Tena tujihadhari na kosa la upande wa pili. Wako watu wapole ambao, kwa kutaka kumwondolea maskini lawama, humwondolea na utu wake. Humsema kama jani lipeperushwalo na upepo, asiye na shauri wala uwezo. Hilo nalo ni dharau, ijapokuwa limevikwa huruma. Maskini ni mtu atafakariye na kuchagua; ila huchagua katika njia chache, tena zote ni mbaya. Kumheshimu ni kuziona njia zile alizokuwa nazo, kisha kuuliza kama sisi tungalichagua bora. Rafiki zake Ayubu walifanya vema siku zile walizoketi naye kimya; walikosa walipofungua vinywa vyao kutafuta hatia yake.

Na sisi wa sharika za Kilutheri hatuna haja ya kuona fikira hizi kuwa ngeni. Mwaka wa 1523 watu wa mji mdogo wa Leisnig, nchi ya Ujerumani, walifanya sanduku la shirika, na Martin Luther akaiandikia kanuni yao utangulizi. Sanduku lile lilikuwa na kufuli nne za namna mbalimbali, na funguo zake zilishikwa na watu wa makundi manne: wakuu wa nchi, baraza la mji, wenyeji wa mji, na wakulima wa vijiji. Hakuna kundi moja lililoweza kulifungua peke yake. Angalieni: mkulima alikuwa na ufunguo. Hakuletwa mbele ya sanduku kuomba tu. Alikuwa mmoja wa waliolifungua. Na huko Wittenberg, mwaka wa 1522, kanuni iliagiza mafundi maskini wakopeshwe bila riba, wapate kujitegemea kwa kazi zao. Na asiyeweza kulipa asamehewe. Watu wale walitambua kwamba msaada uliotolewa kabla mtu hajaanguka ni bora kuliko sadaka ipewayo mtu aliyekwisha kuanguka.

Twarudi kwa mtu wetu. Mwaka wa pili baada ya baraza lile tulimfuata nyumbani kwake, maana alikuwa haonekani tena kanisani. Tulimkuta akitengeneza mpini wa jembe. Akatupa viti, yeye akaketi juu ya gogo. Hapo ndipo tulipomwuliza swali tulilopaswa kuliuliza kwanza. Akajibu bila hasira, "Mtoto wangu alishikwa na homa mwezi wa tano, akalazwa. Nilitakiwa fedha siku ile, si mwezi wa nane. Bei ya mahindi naijua, wazee wangu. Labda naijua kuliko ninyi, maana nilihesabu kila gunia nililolipoteza. Ninyi mliweza kungoja kwa sababu watoto wenu hawakuugua." Tukauliza habari za mtoto. Akasema amepona, akamwita, tukamwona. Kisha tukauliza habari za kijana wake mkubwa, aliyekuwa akiimba vizuri katika kwaya. Akasema, "Mwaka ule mliponikatalia aliacha shule, akaenda mjini kuchukua mizigo sokoni, ili wadogo zake wale. Hajarudi."

Tukamwomba radhi. Akasema, "Yamepita, wazee wangu." Lakini hakusema kwamba atakuja Jumapili, nasi hatukuthubutu kumwagiza.

Mahindi aliyauza ili kumponya mtoto mmoja, nasi kwa neno letu la busara tulimpoteza wa pili. Mtu yule alikuwa ametenda lile ambalo kila mmoja wetu angalitenda. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hata hivyo mwenye shibe aweza kuuliza, na asipouliza, kutojua kwake si udhuru tena.

Basi tunawasihi ninyi mlio walimu na wazee mfanye mambo matatu. La kwanza, mtu aletapo shida yake, aulizwe kabla ya kuhukumiwa: siku ile ulikuwa na njia gani nyingine? La pili, sanduku la usharika lifunguliwe miezi ya upungufu, kabla mazao hayajauzwa mabichi, likopeshe kwa kungoja mavuno. Wanawake wa vikundi vya VICOBA wanajua kazi hii, wala si aibu kujifunza kwao. Na tangu mwaka wa 2005 nchi ya Tanzania ina sheria ya stakabadhi za ghala, ambayo kwayo mkulima aweza kuweka mazao yake ghalani na kukopa juu yake, asiuze kwa haraka. La tatu, katika wale wanaoshika funguo za sanduku awemo mmoja aliyepata kulala njaa. Yeye atajua maswali ambayo sisi hatukuyajua.

Ajizi ni nyumba ya njaa. Wala hatulifuti neno hilo. Ila kabla hatujampeleka jirani yetu katika nyumba ile na kumfungia mlango, na tupite kwanza kwake, tuketi, tumwulize ametoka wapi.